Silanga Iliyokuwa Safi Jumapili

Weka hiyo chupa chini kwanza, kijana, kisha unisikilize. Najua una haraka. Nimewaona nyinyi watu wa maabara wa siku hizi mkija ufuoni Homa Bay na gari jeupe. Mnatumbukiza kidude chenye waya majini, kinatoa tarakimu, mnapiga picha mkiwa mmekishika, na injini haijapoa mmeshaondoka. Sisi tulikuwa wajinga polepole. Nyinyi mmenunuliwa mitambo ya kuwa wajinga upesi.

Usikasirike. Nimestaafu, meno yamebaki machache, na mzee akinyimwa nafasi ya kuwacheka vijana atamcheka nani? Nikimaliza nawe nitamcheka bosi wangu, na chifu, na marehemu baba yangu, na mimi mwenyewe. Kila mtu ana fungu lake, hakuna atakayeondoka na njaa.

Kazi yangu ilikuwa maji. Miaka ile ya sitini, Uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, chuo kikuu kilifungua kituo kidogo Homa Bay cha kuchunguza ziwa, mito, na madimbwi yaliyo karibu na vijiji na masoko. Hasa kilitaka kuujua ule mwani wa kijani unaotanda juu ya maji wakati wa kiangazi, mpaka unadhani mtu amemwaga rangi ya kupaka mlango. Maabara yetu ilikuwa ghala la pamba lililoachwa. Ukifungua dirisha, upepo wa ziwa unaingia na nyuzi za pamba za mwaka juzi zinatua chini ya hadubini. Bosi wetu alipata kuchora uzi mmoja asubuhi nzima akidhani ni kiumbe kipya.

Bosi huyo, Daktari, alikuwa Mzungu mrefu mwenye shingo nyekundu na moyo mwema. Watu walimwita Japi, yaani mtu wa maji. Hakututukana, na enzi zile hilo lilikuwa jambo la kwenda kusimulia nyumbani. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda michoro kuliko chakula. Mpe nukta mbili kwenye karatasi, atazifunga kwa mstari. Mpe tatu, atazipa jina na kuziombea nafasi kwenye mkutano wa wataalamu.

Chini yake alikuwapo Zablon, fundi wa maabara, Msabato wa upande wa Kendu, mtu wa kola iliyonyooka hata ndani ya mtumbwi. Yeye ndiye aliyenifundisha.

"Andika jina ya chupa na penseli," aliniambia siku ya kwanza. "Wino ikiona maji inalia."

Alinifundisha kusuuza chupa kwa maji yale yale utakayochota, si kwa maji ya mfereji, na kuyamwaga nyuma yako, si mbele. Alinifundisha kijiti. Hili nalo lishike, maana halihitaji betri. Chukua kijiti, kitie ndani ya ule ukijani, kitoe taratibu. Kikitoka kimeviringwa na nyuzi kama nywele, nawa mikono uende zako. Kikitoka kimepakwa rangi, kama brashi iliyotoka kwenye kopo, basi hata mbwa wako usimwache anywe hapo. Halafu unuse, lakini kwa mbali. Mwani mchanga hunuka nyasi zilizokatwa. Ukizeeka hunuka zizi la nguruwe, na mwenye kuunusa kwa karibu hujuta mpaka chakula cha jioni.

Kasoro ya Zablon nayo ilikuwa usafi. Safari moja tulikwenda Mto Migori, tukachota maji kuanzia darajani mpaka kule kwenye migodi ya dhahabu, tukarudi na masanduku ya chupa. Daktari akapima, akakuta mto una madini ya fosfeti kupita kiasi. Alifurahi kama mtu aliyeposa akakubaliwa. Akaanza kueleza jinsi vilima vyote vya Migori vinavyoyeyuka na kushuka ziwani kulisha mwani. Katikati ya maelezo akatikisa chupa moja, ikatoa povu.

"Zablon," alisema, "wewe naosha chupa na nini?"

"Na sabuni, bwana," Zablon akajibu, na alikuwa ameudhika. "Mimi si mtu mchafu."

Fosfeti yote ilikuwa ya ile sabuni, basi tukarudi Migori, tukachota upya. Wavuvi nao hawakutuheshimu kuliko tulivyostahili. Tulikuwa na sahani ya bati, nusu nyeupe nusu nyeusi, iliyofungwa kamba. Unaishusha majini mpaka isionekane tena, unapima urefu wa kamba, unajua maji yametibuka kiasi gani. Kila asubuhi gatini mvuvi mmoja alituuliza tumepata nini, na Daktari, ambaye alidhani kila swali ni la kisayansi, alimjibu kwa sentimita. Yule mvuvi alikwenda akitikisa kichwa. Nilimsikia akimwambia mwenzake kwamba hawa watu wamesoma mpaka wanavua kwa sahani na bado wanakula.

Basi. Hayo ni ya kuchekesha tu. Ninalotaka ulisikie ni la silanga.

Silanga ni bwawa la kuchimbwa, la kunyweshea mifugo. Letu lilikuwa karibu na Rodi Kopany, kwenye barabara ya kwenda Rongo, si mbali na kwetu. Upande wa kaskazini, unaopakana na barabara, ukingo ulikuwa ukuta mkali wa murramu. Upande wa kusini ukingo ulishuka polepole, na huko ndiko ng'ombe walikokunywa na akina mama walikochota maji. Kiangazi kimoja ng'ombe wakaanza kufa. Walitetemeka, wakalegea miguu ya nyuma, wakalala, na jua halijazama wamekwisha. Watu wa mifugo walikuja, wakasema si kupe wala si ndorobo. Chifu akamwendea Daktari.

Daktari alilipenda lile silanga kwa moyo wote. Ziwa ni kubwa na lina mambo mengi. Silanga unaweza kuliona lote kwa jicho moja ukajidanganya kwamba umelielewa. Akaamuru maji yachotwe kila siku. Siku za kazi tulikwenda naye kwa gari, tukaingiza kimtumbwi, tukachota katikati. Mwisho wa wiki alibaki Homa Bay na michoro yake, akatuachia sisi. Zablon hakugusa kazi Jumamosi, hata ghala liungue. Mimi ni Mkatoliki, Jumapili nilikuwa kanisani. Kwa hiyo Jumamosi ilikuwa yangu na Jumapili ikawa yake, na Daktari akasifu jinsi dini za Homa Bay zinavyosaidiana.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo mnapofanana nasi. Mimi Jumamosi nilikwenda alasiri, upande wa kusini. Kwa nini kusini? Kwa sababu boma la kina Pilista, mchumba wangu, lilikuwa huko, na Pilista alikuja kuchota maji alasiri. Hakuna sayansi nyingine. Zablon Jumapili aliteremka kwenye basi barabarani asubuhi na mapema, akafunga chupa kwenye kamba, akaishusha kutoka juu ya ukuta wa kaskazini bila kuchafua kiatu, kisha akawahi sokoni Rodi kuuza mahindi yake. Kila mmoja alichota pale palipomfaa. Juu ya chupa tuliandika siku na jina la silanga, kwa penseli, kama inavyotakiwa. Upande hakuna aliyeuuliza.

Na upepo, kijana, unajua hutoka wapi. Jua likipanda, upepo hutoka ziwani, huvuma kwenda bara, yaani kutoka kaskazini kwenda kusini. Mwani ule huelea. Kufikia alasiri wote umesukumwa kusini, umelundikana ukingoni, mzito kama uji wa wimbi. Kaskazini maji yanabaki meupe mpaka asubuhi, maana usiku pale kwetu upepo hulala. Hivyo kila Jumamosi chupa yangu ilikuwa kijani kitupu, na kila Jumapili ya Zablon ungeweza kubatizia mtoto.

Daktari akaziona zile nukta. Akazifunga kwa mstari. Mstari ukapanda kila Jumamosi na kushuka kila Jumapili, mzuri, sawasawa, kama milima aliyochora mtoto. Siku kadhaa baadaye akatuita akatueleza. Jumamosi watu wanafua na kuoga kujiandaa kwa kanisa, wanavuruga tope, mwani unapata chakula, unazaana. Jumapili watu wako ibadani, silanga linapumzika, mwani unazama chini.

"Lakini bwana," Zablon alisema, "sisi Wasabato tunafua Ijumaa."

Daktari alimpigapiga begani. Alisema nyinyi ni wachache.

Hapo nikiri tulicheka tu, mimi na Zablon. Tulidhani wenye elimu wakipata nadharia huiweka kabatini ikae na nyingine. Hatukujua kwamba nadharia inaweza kutembea.

Hii ilitembea mpaka kwa chifu, na chifu akaitisha baraza. Penye wazee haliharibiki neno, husema Waswahili. Waswahili hawakuwahi kuhudhuria baraza la chifu wetu. Alisimama na kofia yake, akasema Daktari wa chuo kikuu amepima.

"Hii maji ina siku yake," alisema. "Siku zingine zote ng'ombe ikunywe mtoni, hata kama ni mbali. Jumapili maji ni safi, daktari amehakikisha. Jumapili peke yake ndio mtanywesha hapa silanga, na mama watachota. Na si asubuhi. Asubuhi ni ya Mungu. Mtakuja baada ya ibada."

Baada ya ibada, yaani mchana. Na wote wangekwenda kusini, maana ng'ombe haruki ukuta. Nilimtazama Zablon, akanitazama.

"Omera," alininong'oneza, kama ndugu kwa ndugu, "wewe huwa unachota wapi?"

"Kusini. Na wewe?"

Akanyoosha kidole kuelekea barabarani, akakishusha taratibu kama chupa kwenye kamba. Tulianza kucheka kidogo, halafu hatukucheka tena.

Ni lazima ujue ni nini changu kilichokuwa hatarini. Dada yangu Roslida alikuwa ameolewa upande wa Lambwe, na ng'ombe wa mahari yake walikuwa wamefika bomani kwa baba. Kwetu ndugu huoa kwa ng'ombe wa dada. Ng'ombe hao walikuwa Pilista. Wakifa, Pilista hayupo. Baba hakuwa na wengine, na mimi kwa mshahara wa kushika chupa ningeoa nikiwa na umri huu nilio nao leo. Tena siku ilikuwa imepangwa: Jumapili ile ile wangenyweshwa silanga, kisha wapelekwe bomani kwa kina Pilista.

Kwa nini basi sikusimama pale pale barazani nikasema? Kwa sababu mbele yangu kabisa, kwenye nyasi, alikuwa ameketi mama yake Pilista. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawashikani mikono, hawali pamoja, na njia ikiwa moja, mmoja hujitia kichakani mpaka mwenzake apite. Huanza tangu posa, hata ng'ombe hawajaja. Si uadui, ni heshima, ingawa mgeni akiiona atadhani mna kesi mahakamani. Kusimama na kupaza sauti juu ya kichwa chake, nikimpinga chifu na kumsahihisha baba yangu aliyekuwa akiitikia kila neno, hilo halikufanyika. Nilikaa nimefunga mdomo kwa adabu. Adabu ni kitu kizuri sana, ila haijui upepo unavuma kutoka wapi.

Tulimwendea Daktari siku hiyo hiyo. Tulimweleza upande, upepo, basi, hata Pilista. Shingo yake ilizidi wekundu. Hakupiga kelele. Aliutazama ule mchoro ukutani, uliokwisha kupigwa nakala kwa ajili ya mkutano.

"Nyinyi naambia mimi," alisema polepole, "hii yote ni upande wa kusimama?"

"Ndiyo, bwana," alisema Zablon.

"Ni dhana tu. Lazima sisi napima tena, upande yote, saa yote. Mimi naanza Jumatatu."

Nikamwambia ng'ombe watakunywa Jumapili. Akasema kauli haiwezi kubadilishwa bila ushahidi, kwamba tukibadilisha leo na kesho watu hawatatuamini tena. Ukiisikia peke yake, si kauli mbaya. Mimi nimesikia wakubwa wengi wakiisema baada yake, na kila mara kuna mtu aliyekuwa hajaulizwa kitu kabla ya kauli ya kwanza.

Baba naye nilimwendea. Alikuwa akimpapasa mgongo ng'ombe mmoja mweupe mwenye mabaka, aliyempenda kuliko wengine.

"Serikali imesema Jumapili," alisema.

"Baba, serikali ni mimi. Mimi ndio nilichota hiyo maji."

Alinitazama kwa huruma. Alisema amenilipia ada ya shule si ili nijiite serikali.

Basi Jumapili nikaacha misa. Nilisimama upande wa kusini, maji magotini, na fimbo mkononi, na huo mwani umejaa ukingoni, unanuka zizi. Watu walipotoka kanisani wakaja na mifugo yao, nikaanza kuizuia na kuipeleka pembe ya kaskazini, ambako mvua ya mwaka jana ilikuwa imemega ukuta na kuacha njia nyembamba ya kushukia. Walinitukana, lakini ng'ombe hufuata fimbo iliyo karibu. Baba alipofika na mahari yangu akaona aibu kugombana na mwanawe mbele za watu, akafuata wengine. Ng'ombe wangu wakanywa maji meupe. Moyo ukatulia.

Nikageuka. Mama yake Pilista alikuwa ameinama majini nyuma yangu, peke yake, anausukuma kando ule ukijani kwa kibuyu kama walivyofanya wote, na mtungi wake umefika nusu.

Nilimwita. Aliposikia ni sauti yangu akageuza uso upande mwingine, kama inavyopasa, na akaendelea kuchota. Nilimwambia asinywe, asimpe mtoto. Kwake sauti yangu haikuwapo. Mwanamke mwenye heshima zake haisikii sauti ya mkwe wake. Nilitafuta mtu wa kumtuma aseme kwa niaba yangu, wote walikuwa kaskazini na ng'ombe. Alijitwika mtungi. Nikafikiria wadogo zake Pilista waliokuwa nyumbani na kiu. Nikamfuata, nikaushika mtungi. Mkono wangu ukaangukia juu ya mkono wake, mtungi ukaanguka, ukavunjika, na maji ya kijani yakatumwagikia miguuni sote wawili.

Aliketi chini kwenye tope, akajifunika uso kwa kitambaa chake. Nilitamani anitukane.

Jumatatu Daktari alikuja kuuliza ng'ombe wangapi wamekufa. Hakufa hata mmoja. "Mnaona?" alisema, na akaongeza nukta ya Jumapili kwenye mchoro, chini kabisa, mahali pake. Nilimweleza kwamba nilisimama pale. Akasema kusimama kwa mtu si kipimo. Hilo nalo lishike, kijana, litakuuma siku moja: ukizuia balaa lisitokee, huna cha kuonyesha. Aliyelisababisha ndiye atakayepewa sifa kwa kuwa halikutokea.

Lakini mtungi ulionekana. Wazee walikaa, wakasema nimemshika mama mkwe, ni chira hiyo, laana itawafuata watoto ambao bado sijawapata. Ng'ombe wa mahari hawakupelekwa. Pilista alikatazwa kuniona. Nililipishwa ng'ombe mmoja wa kutakasa, na baba akamtoa yule mweupe mwenye mabaka, huku ananitazama mimi, si ng'ombe. Juu ya hayo nikapigwa marufuku kukanyaga silanga siku ya Jumapili, nisije nikakutana na mama tena. Niliumia, sitaki kukuficha. Nililia nikiwa mwanamume mzima, ndani ya ghala la pamba, na Zablon akajifanya anaosha chupa.

Jumapili iliyofuata nilikuwa kanisani, na hakuna aliyesimama majini. Yule mweupe alikuwa amefungwa bomani kwa kina Pilista tangu Ijumaa, kwa ajili ya utakaso, analishwa majani na maji ya mto kwa ndoo. Jumapili wakamfungua, wakampeleka silanga baada ya ibada, kwa amri ya chifu. Alikunywa kusini. Hakufika nyumbani. Alitetemeka njiani, akalegea miguu ya nyuma, akalala, na mama yake Pilista akiwa pale pale ameshika kamba yake.

Daktari alikuja kupasua tumbo, akajaza chupa. Alisema lazima alikuwa amekunywa Jumamosi.

"Jumamosi alikuwa na mimi," alisema mama. Wale waliokuwapo waliniambia alisema hivyo tu, akaondoka.

Mwishowe mvua zilikuja zikausukuma mwani wote ukapita, na kila mtu akachukua sifa: chifu kwa amri yake, Daktari kwa nadharia yake, padre kwa sala zake za novena. Mchoro ulikwenda mkutanoni, na nasikia ulipigiwa makofi. Daktari alipima pande zote, kama alivyoahidi, Jumatatu nyingi za kiangazi kilichofuata, akajua, na akaandika sahihisho dogo ambalo sidhani lilipigiwa makofi. Simlaumu sana. Mimi niliwahi kuona watu wasioandika hata hilo.

Lakini kabla ya mvua kulikuwa na Jumapili moja zaidi. Sikujali tena marufuku; ng'ombe wangu waliobaki walikuwa na kiu, na wa watu wengine pia. Niliingia kusini na fimbo. Watu walipotokea kule juu na mifugo, nikasikia mtu anaingia majini nyuma yangu. Nikageuza uso haraka, maana nilimjua kwa mwendo. Mama yake Pilista alikuwa amekunja nguo yake, ana fimbo. Alinipa mgongo. Nami nikampa wangu. Yeye akawazuia waliotoka mashariki, mimi waliotoka magharibi, tukawapeleka wote kaskazini, na watu waliotuona walidhani tumekosana vibaya.

Tulifanya hivyo mpaka mifugo ilipopungua. Kukabaki ng'ombe mmoja mwekundu, mkaidi, aliyesimama kati yetu.

"Wewe ng'ombe," mama akamwambia, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "ukipita huko upande ingine, ambia huyo mtu ile ng'ombe ya kutakasa ilikufa bure. Hakuna deni tena. Na Pilista anauliza zile zingine zinakuja lini, ama huyo mtu siku hizi ni askari ya maji."

Sikugeuka. Nilimshika ng'ombe pembe, nikamwelekeza uso upande wa mama.

"Mwambie mama," nilisema, "zitakuja kesho asubuhi. Jumapili niko kazini."